Philly Lutaaya, Mwimbaji Aliyetaja Ugonjwa Wake

Huenda hapa Mitundu hujalisikia jina la Philly Bongoley Lutaaya. Alikuwa mwimbaji wa Uganda, aliyezaliwa mwaka 1951. Aliacha shule mwaka 1968 akafuata muziki. Katika miaka ya 1980 alihamia Uswidi, nchi ya baridi kule Ulaya, na huko akarekodi nyimbo zilizopendwa sana kwao. Ukienda Uganda siku za Krismasi, utazisikia hata leo.

Mwaka 1982 ugonjwa mpya ulionekana Rakai, kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wetu. Watu walikonda, wakaharisha, wakafa. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walionekana mkoani Kagera. Huko wengine waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo zilizopendwa wakati ule. Wengine walisema wagonjwa ni wafanyabiashara walioshindwa kulipa madeni, wakarogwa na wenzao wa ng'ambo ya mpaka.

Fikiri kidogo juu ya mawazo hayo. Ukiamini kwamba ugonjwa unatokana na deni, na wewe hudaiwi na mtu, utajihadhari na nini?

Kisha kulikuwa na aibu. Mgonjwa akifa, ndugu walisema ni malaria, au kifua kikuu, au kalishwa sumu. Kila ukoo ulizika, lakini neno UKIMWI halikutajwa msibani. Basi kila mtu aliona kuwa huo ni ugonjwa wa watu wengine, wa mbali, wenye tabia mbaya.

Lutaaya aliugua akiwa Uswidi, akapimwa, akaambiwa ana UKIMWI. Angeweza kunyamaza huko huko. Mwezi wa Aprili 1989 aliwatangazia Waganda ugonjwa wake. Hakuna mtu mwingine maarufu nchini mwake aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake.

Je, watu walimwonea huruma? Baadhi, ndiyo. Lakini wengi walisema ni mwongo. Walidai amelipwa, au anatafuta njia ya kuuza nyimbo zake, kwa sababu walimwona bado ana mwili wake na anatembea. Mimi naona walikuwa na sababu nyingine ndani ya mioyo yao. Kama mtu anayeonekana vile ana virusi, basi hata mpenzi wako mwenye sura nzuri anaweza kuwa navyo. Na wewe pia. Ilikuwa rahisi zaidi kumwita mwongo.

Yeye hakukata tamaa. Alizunguka katika mashule na makanisa, akasimama mbele ya vijana, akajibu maswali yao. Nguvu zilikuwa zikimwishia.

Hapa kwetu je? Mavuno yakiuzwa, fedha zipo, pombe ipo, na wageni wapo. Mwanamume anamtazama mwanamke usoni na kusema huyu ni mzima. Anaona haya kununua kondomu dukani kwa sababu muuzaji ni shemeji yake. Mke naye anaogopa kumwomba mumewe wakapime, asije akaitwa malaya. Watu hawa si wajinga. Habari za UKIMWI wamezisikia mara nyingi. Lakini maneno ya majirani yanawatisha kuliko ugonjwa wenyewe.

Mwaka 2007 Rais Kikwete na mkewe walipima virusi vya UKIMWI mbele ya watu, Dar es Salaam, ili kuipunguza aibu hiyo. Wakati huo dawa za kufubaza virusi zilikuwa zimeanza kutolewa bure nchini. Siku hizi mtu anayezimeza kila siku kama alivyoelekezwa, mpaka kipimo kisione tena virusi katika damu yake, huishi miaka mingi na hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Lakini ni lazima kwanza apime, kwani dawa hapewi asiyepimwa.

Lutaaya hakuzipata dawa hizo. Alirudi kwao Uganda akiwa mgonjwa sana, akafa katika Hospitali ya Nsambya, Kampala, tarehe 15 Desemba 1989. Alikuwa na umri wa miaka 38. Baada yake, Waganda wengine wenye virusi waliunda chama wakakipa jina lake. Wakaenda shule kwa shule, wakisimama mbele ya wanafunzi na kusema hali zao kama yeye alivyofanya.