Bertha von Suttner: Mhariri aliyezitaka serikali ziweke silaha chini

Nchini Austria sura yake hupita mikononi mwa watu kila siku, kwani imechorwa kwenye sarafu ya euro mbili. Wengi humkumbuka Bertha von Suttner kwa riwaya moja na kwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Jarida alilolihariri kwa miaka minane halitajwi sana, ingawa ndilo lililomfikisha mbele ya wakuu wa dola.

Alizaliwa Prague tarehe 9 Juni 1843, mji huo ukiwa bado ndani ya milki ya Austria. Baba yake, jenerali wa ukoo wa Kinsky, alifariki kabla binti huyo hajazaliwa, na mama yake akaipoteza mali ya familia katika kamari. Ndipo mwaka 1873, akiwa na umri wa miaka 30, Bertha akaajiriwa mjini Vienna kuwafundisha mabinti wanne wa familia ya von Suttner. Akapendana na kaka yao Arthur, ambaye kwake yeye alikuwa mdogo kwa miaka saba. Wazazi hawakuridhia. Mwaka 1876 alikwenda Paris kuwa katibu wa Alfred Nobel, mvumbuzi wa dinamiti, lakini hakudumu huko. Alirejea, akafunga ndoa na Arthur kwa siri, na wawili hao wakahamia Georgia, katika eneo la Kaukasi. Waliishi huko kiasi cha miaka tisa kwa kufundisha lugha na muziki na kwa kuandika. Vita vya Urusi na Uturuki vya mwaka 1877 viliwakuta huko huko.

Riwaya yake iliyompa umaarufu, Die Waffen nieder!, ilitoka mwaka 1889 baada ya kukataliwa na wachapishaji kadhaa. Inasimulia maisha ya mwanamke anayefiwa na waume wawili kwa sababu ya vita. Jina lake la Kijerumani halina hata kitenzi. Kwa Kiswahili tungesema tu Silaha chini!, amri ambayo askari humpa adui anayejisalimisha. Suttner aliielekeza kwa serikali.

Mwaka 1891 alianzisha chama cha amani cha Austria. Kijana mmoja mzaliwa wa Vienna, Alfred Hermann Fried, aliyekuwa akiuza na kuchapisha vitabu Berlin, alimwandikia kupendekeza jarida. Toleo la kwanza lilitoka Februari 1892, likichukua jina lile lile la riwaya. Kila mwezi lilibeba habari za mikutano ya amani, makala na maelezo ya mhariri mwenyewe juu ya matukio ya dunia. Humo aliichambua bajeti mpya ya jeshi au hotuba ya waziri kama wengine walivyochambua tamthilia. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba hakuna dola itakayokuwa ya kwanza kupunguza majeshi ikiwa hakuna mahakama ya kuamua migogoro; kwa hiyo usuluhishi na upunguzaji wa silaha vilipaswa kwenda pamoja.

Magazeti yalimkejeli kwa kumwita Bertha wa Amani. Nobel naye, ambaye waliendelea kuandikiana, alidhani viwanda vyake vya baruti vingevimaliza vita mapema kuliko mikutano yake. Hata hivyo alikichangia chama fedha, na katika wosia wake wa mwaka 1895 akaweka tuzo kwa ajili ya wanaofanya kazi ya kupunguza majeshi na kuendeleza mikutano ya amani. Ni vigumu kuusoma wosia huo bila kuona athari ya barua za Suttner.

Mwaka 1899 Tsar Nicholas wa Pili wa Urusi aliyaita mataifa The Hague, Uholanzi. Suttner alikuwa huko tangu ufunguzi. Mkutano ulizaa Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi, ambayo ingali ipo, lakini juu ya silaha haukukubaliana lolote la maana. Mwaka huo huo jarida lake lilifungwa, na Fried akaanzisha jingine, Die Friedens-Warte, ambalo Suttner aliliandikia baadaye.

Arthur alifariki mwaka 1902. Kasri la familia, lililoelemewa na madeni, likauzwa, naye akahamia Vienna. Mwaka 1905 alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza kuipata. Baada ya ndege za Italia kudondosha mabomu nchini Libya mwaka 1911, aliandika kijitabu dhidi ya vita vya angani. Wakati huo wengi walikuwa bado wakizishangilia ndege.

Alifariki tarehe 21 Juni 1914, wiki moja kabla ya mauaji ya Sarajevo. Mkutano wa amani uliokuwa ukiandaliwa Vienna mwaka huo haukufanyika. Tarehe 8 Agosti, manowari ya Uingereza iliushambulia mtambo wa simu ya upepo wa Dar es Salaam. Vita vilikuwa vimekwishafika Afrika Mashariki.

Fried alihamia Uswisi na kuendelea kulitoa jarida lake huko. Mwaka 1917, mapigano yakiwa bado yanaendelea, aliyakusanya maelezo ya kila mwezi ya Suttner na kuyachapisha Zürich katika vitabu viwili.