Erikson: Mwalimu asiye na shahada aliyewafunza walimu kumjua mtoto

JINA la Erik Erikson halikosekani katika somo la saikolojia ya elimu. Wanafunzi wa ualimu hukariri hatua zake nane za makuzi ya binadamu, wakaziandika katika mtihani, kisha wengi wao wakazisahau punde tu wanapokabidhiwa chaki na darasa. Ni wachache wanaofahamu kwamba aliyezibuni hakuwahi kupata shahada yoyote ya chuo kikuu, na kwamba shule ilimtesa utotoni mwake.

Alizaliwa Juni 15, 1902 mjini Frankfurt, Ujerumani. Mamake, Karla Abrahamsen, alikuwa Myahudi wa Copenhagen, Denmark, aliyejifungua mbali na jamaa zake kwa sababu baba wa mtoto hakuwa mume wake. Mwanamume huyo hakutajwa kamwe. Erik alipotimiza miaka mitatu, Karla aliolewa na daktari wa watoto, Theodor Homburger, wakaishi Karlsruhe. Mtoto alipewa jina la daktari huyo na akalelewa akiamini kuwa ndiye aliyemzaa.

Hata hivyo, umbo lake lilizua maswali. Alikuwa mrefu, mwenye nywele za rangi ya dhahabu na macho ya samawati. Shuleni wenzake walimbagua kwa kuwa Myahudi. Katika sinagogi alichekwa kwa kutofanana na Wayahudi. Kote wiwili alikuwa mgeni. Alama zake darasani zilikuwa za wastani, na alipomaliza shule ya upili alikataa shauri la babake wa kambo la kusomea udaktari. Badala yake alitwaa kalamu na karatasi za kuchorea, akazurura Ulaya hadi Florence, Italia, bila kazi wala mwelekeo.

Wokovu wake ulitoka kwa rafiki. Mnamo 1927, Peter Blos, aliyesoma naye Karlsruhe, alimwita Vienna, Austria, akafundishe katika shule ndogo iliyojengwa uani mwa nyumba ya Eva Rosenfeld, kwa msaada wa Mmarekani Dorothy Burlingham na Anna Freud, bintiye mwanasaikolojia Sigmund Freud. Wanafunzi hawakuzidi takriban ishirini. Hapakuwa na ratiba ya kuhama kutoka somo hadi somo kila kengele inapolia. Darasa lilichukua mada moja likaichunguza kwa majuma kadhaa, kwa kusoma, kuchora na kuunda vitu. Kijana ambaye hakuipenda shule aligundua kwamba alikuwa na kipaji cha kukaa na watoto.

Anna Freud alikiona kipaji hicho. Alimfunza uchanganuzi wa nafsi ya mtoto, huku Erik akisomea pia mbinu za Maria Montessori na kuhitimu. Stashahada hiyo, pamoja na idhini aliyopewa na chama cha wachanganuzi wa nafsi cha Vienna mwaka wa 1933, ndivyo vyeti pekee alivyokuwa navyo maishani baada ya kile cha shule ya upili. Alikuwa tayari amemwoa Joan Serson, mzaliwa wa Kanada aliyekuja kutafiti historia ya densi. Wanazi walipotwaa mamlaka Ujerumani mwaka huo, wenzi hao waliondoka Vienna, wakapitia Denmark na hatimaye wakatua Boston, Marekani.

Huko aliwatibu watoto na kufanya kazi katika vyuo vikuu vya Harvard na Yale. Safari iliyompanua fikra zaidi, hata hivyo, ilikuwa ya 1938, alipofuatana na mwanaanthropolojia Scudder Mekeel hadi Pine Ridge, jimbo la South Dakota, kwa jamii ya Walakota. Walimu wa serikali walilalamika kuwa watoto wa huko ni wazito, wanyamavu na hawajali masomo. Erikson aliwatazama nyumbani kwao akaona watoto wachangamfu waliolelewa kwa upole na ukarimu. Kasoro, kwa maoni yake, ilikuwa katika pengo kati ya nyumba na shule. Wazazi waliishi kwa kumbukumbu za mawindo ya nyati yaliyokwisha kutoweka. Shule nayo ilidai mtoto ayaache yote aliyothamini mamake. Mtoto aliyevutwa huku na huku alichagua kunyamaza. Ni jambo ambalo watawala wengi wa kikoloni, hata nje ya Marekani, hawakutaka kulisikia.

Mwaka wa 1939 alipata uraia wa Marekani na akajipa jina jipya: Erikson, yaani mwana wa Erik. Aliyenyimwa baba alijizaa mwenyewe, angalau kwa jina.

Kitabu chake cha kwanza, Childhood and Society, kilitoka mwaka wa 1950. Ndani yake alieleza kwamba maisha ya binadamu, tangu kunyonya hadi uzee, ni mfululizo wa mivutano minane. Mtoto mchanga huanza kwa imani au kutoamini. Kisha hufuata uhuru wa kujiamulia dhidi ya aibu, na uthubutu dhidi ya hatia. Ujana hukabiliwa na suala la utambulisho, utu uzima hukabiliwa na ukaribu na ulezi wa kizazi kijacho, na uzee hukabiliwa na utimilifu dhidi ya kukata tamaa. Hakusema kwamba anayeteleza katika hatua moja ameangamia. Alishikilia kuwa kila hatua hubeba masalio ya zile zilizotangulia.

Hatua ya nne ndiyo inayomhusu mwalimu wa shule ya msingi. Katika umri huo, mtoto anataka kutengeneza kitu na kukikamilisha, kisha aonekane amekikamilisha. Akifaulu, huota bidii. Akidharauliwa kila mara, hujiona duni na kukoma kujaribu. Erikson alionya pia kuhusu madhara ya mtoto kutambua kuwa rangi ya ngozi yake au hali ya wazazi wake ndiyo itakayoamua thamani yake, na si nia yake ya kujifunza. Aidha, aliona kwamba watu wengi wenye vipawa humkumbuka mwalimu mmoja aliyewasha cheche iliyofichika. Kwake, hayo hayakuwa maneno matupu: Anna Freud alikuwa amemwashia yeye.

Mwaka huohuo wa 1950 alijiuzulu katika Chuo Kikuu cha California, akipinga kiapo cha kisiasa walichotakiwa walimu kula wakati wa hofu ya ukomunisti. Alihamia kituo cha Austen Riggs, Massachusetts, kuwatibu vijana, na mwaka wa 1960 Harvard ilimfanya profesa licha ya kukosa shahada. Kitabu chake kuhusu Mahatma Gandhi, kilichotoka 1969, kilimtunukia tuzo ya Pulitzer.

Hata hivyo, sifa hizo zina kivuli. Mnamo 1944 Joan alijifungua mtoto wa nne mwenye ulemavu wa akili. Mtoto huyo alipelekwa katika taasisi ya malezi, na Erikson akawaambia wanawe wakubwa kuwa amefariki wakati wa kuzaliwa. Alifariki kweli akiwa na umri wa miaka ishirini na ushei, bila kulelewa nyumbani. Mtu aliyeweka imani kuwa msingi wa makuzi yote aliwaficha watoto wake ukweli, kama alivyofichwa yeye. Ni vigumu kuyasoma maandishi yake ya 1950 kuhusu nafsi yenye afya, aliyoyaandaa pamoja na Joan, bila kukumbuka hilo.

Wakosoaji nao walijitokeza. Carol Gilligan, aliyewahi kufundisha pamoja naye Harvard, alidai katika kitabu chake cha 1982 kuwa hatua hizo zilipimwa kwa maisha ya wanaume.

Erikson alifariki Mei 12, 1994 mjini Harwich, Massachusetts, akiwa na umri wa miaka 91. Joan alifariki mwaka wa 1997, na mwaka huohuo kitabu chao kuhusu mzunguko wa maisha kilitolewa upya kikiwa na hatua ya tisa, aliyoiandika yeye kuhusu wazee wa miaka themanini na kuendelea.