Hammarskjöld: kiongozi wa ONU aliyekataa watumishi wake wapewe amri na serikali

Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa (ONU), alikufa usiku wa kuamkia Septemba 18, 1961. Ndege yake ilianguka karibu na Ndola, akienda kuzungumza na Moïse Tshombe ili vita visimame Katanga. Kati ya watu 16 waliokuwamo hakuna aliyepona.

Alizaliwa Uswidi mwaka 1905. Aliposhika kazi mwaka 1953, alikuta maofisa wa FBI ya Marekani wamepewa nafasi ndani ya makao makuu ya New York, wakichunguza wafanyakazi Wamarekani. Mwaka huohuo akawatoa. Mkataba wa ONU, ibara ya 100, unakataza mtumishi wake kupokea amri ya serikali yoyote, na yeye aliushika hivyo hivyo.

Kongo ndiyo iliyompima. Katanga ilikuwa imejitenga, Union Minière ikilipa kodi yake kwa Tshombe, si kwa Léopoldville. Kutoka Kolwezi iliruka ndege ya kivita Fouga iliyoshambulia askari wa ONU. Khrushchev naye alidai ajiuzulu, cheo chake kigawiwe watu watatu. Alikataa.

Lakini Wakongomani wengi hawajamsamehe. Lumumba alikamatwa, akauawa Januari 1961, huku kofia za buluu zikiwa nchini. Kutopendelea upande kuliwafaa waliokuwa na bunduki, na hesabu hiyo haifutiki kwa usafi wa ofisi yake.

Askari wa ONU waliingia Kolwezi Januari 1963, miezi 16 baada ya kifo chake.