Padre Majaliwa na Utumishi wa Kusini

Yako mazoea ya siku nyingi katika maofisi yetu ya kumpa mkono wa pole mtumishi anayehamishiwa Kusini, kana kwamba amefiwa. Wapo waliopokea barua ya kwenda Lindi au Kilwa, seuze visiwani, wakaihesabu kuwa ni adhabu, na wakazimaliza siku zao hapa wakiandika maombi ya kuondoka. Yafaa basi tumkumbuke mtu mmoja aliyeletwa pande hizi zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wakati hali ilikuwa ngumu kupita kiasi, naye akaiona shida hiyo kuwa ni mlango wa kazi. Mtu huyo ni Padre Cecil Majaliwa.

Majaliwa alizaliwa Myao. Angali mtoto mdogo alitekwa, akaingizwa katika biashara ya watumwa na kuuzwa Unguja. Sisi watu wa pwani hatuna budi kulisema jambo hili bila ya kupepesa macho. Misafara iliyotoka nchi ya Wayao ilishukia katika bandari zetu, kuanzia Kilwa Kivinje na Lindi hadi Sudi na Mikindani, nayo haikubeba pembe za ndovu peke yake. Wako miongoni mwa wazee wetu waliofaidika kwa machozi ya watoto kama huyu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kuikomesha biashara hiyo baharini.

Majaliwa alipata uhuru wake, akalelewa na Misheni ya Vyuo Vikuu ya Waanglikana na kusomeshwa katika shule yao ya Kiungani. Alipelekwa pia Uingereza, katika Chuo cha Mtakatifu Augustino, Canterbury. Mwaka 1886 alifanywa shemasi, na Askofu Charles Smythies akampeleka Chitangali, bara ya Lindi. Mtoto aliyetolewa katika nchi ya Wayao kwa kamba alirudi kwa Wayao kwa hiari yake, akifuatana na mkewe.

Hakurudi katika nchi ya raha. Miaka minne kabla yake, mwaka 1882, Wangoni waliishambulia Masasi, kijiji kilichoanzishwa na misheni hiyo mwaka 1876 kwa watumwa waliokombolewa, wakaua watu na kuchukua mateka. Mwaka 1888 pwani nzima ilisimama kuupinga utawala wa Wajerumani, na bandari zikaingia vitani. Mwezi Mei 1890 majeshi ya Wajerumani yaliziteka Kilwa, Lindi na Mikindani. Miaka mitano baadaye, shujaa wetu Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa. Katika ghasia zote hizo Majaliwa alikuwa Chitangali, mbali na makao makuu ya misheni yake.

Hata hivyo, umbali huo ndio uliompa nafasi. Kwa kuwa hapakuwa na Mzungu wa kumsimamia kila siku, ilibidi aamue mwenyewe. Kwa kuwa alikuwa Myao, aliwafundisha watu kwa lugha yao na kuketi nao barazani kama mwenzao. Mkuu wao Nakaam alimpokea, na hatimaye akawa Mkristo kwa jina la Barnaba. Kanisa likakua na shule ikapata wanafunzi. Mwaka 1890 Majaliwa aliwekewa mikono Unguja, akawa Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo kupata upadre. Kisha akarejea kazini kwake Chitangali.

Askofu Smythies aliwahi hata kumfikiria kwa kazi ya uaskofu. Lakini Smythies alifariki mwaka 1894. Utawala wa kikoloni ulipokwisha kujikita na Wazungu kuongezeka, imani waliyokuwa nayo kwa padre Mwafrika ilipungua. Kabla karne haijaisha Majaliwa aliondoka Chitangali akarejea Unguja, na uaskofu haukumfikia. Kanisa la Anglikana nchini lilisubiri hadi mwaka 1955 ndipo Mtanganyika wa kwanza, Yohana Omari, alipowekwa kuwa askofu. Tangu upadre wa Majaliwa ilikuwa imepita miaka 65. Wala haikuwa kwa sababu watu wenye uwezo walikosekana, maana Chitangali ilikwisha kutoa ushahidi.

Mwandishi wa maneno haya alisomea Kurani chuoni kabla ya kuingia shule ya serikali, na wasomaji wengi wa mwambao huu ni Waislamu kama yeye. Dini ya Majaliwa si yetu, lakini utumishi wake ni wetu sote, kwa kuwa alimtumikia mtu wa Kusini aliyekuwa amesahauliwa.

Kwa mtumishi wa serikali, historia hii ina mafunzo mawili. La kwanza, mahali pa mbali si jela: pengine ndipo pekee mtu anapoachiwa nafasi ya kuonyesha anachoweza. La pili linawahusu wakubwa. Ukimwona kijana wa Sudi au wa Songosongo anaifanya kazi vema kwa watu wake, mwachie madaraka, wala usingoje mgeni aje kumkalia juu. Chitangali ilimpoteza Majaliwa kwa kosa hilo, nasi tusilirudie.