James Hutton, Mkulima Aliyechunguza Miamba

Je, umepata kutazama mfereji baada ya mvua kubwa? Maji yake huwa na rangi ya udongo uliochukuliwa kutoka mashambani. Udongo huo huenda wapi? James Hutton, mtu wa Uskochi, alijiuliza swali hilo zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Hutton alizaliwa mwaka 1726 katika mji wa Edinburgh. Baba yake alifariki James angali mtoto mdogo. Alisomea udaktari na kuhitimu mwaka 1749, lakini hakupenda kuifanya kazi hiyo. Alikwenda kulima shamba alilorithi kwa baba yake.

Huko shambani aliona mvua na vijito vikichukua udongo na kuupeleka baharini. Jambo hilo lilimtia mashaka. Kama udongo ungekuwa unaondoka tu bila kurudi, siku moja nchi kavu ingekwisha, na watu wangekosa mahali pa kulima. Akafikiri kwamba lazima iko nguvu inayoijenga ardhi upya.

Kwa miaka mingi alichunguza milima, kingo za mito na majabali ya pwani. Akatambua kwamba mchanga na matope hutulia chini ya bahari, tabaka juu ya tabaka, na baada ya muda mrefu sana huwa mwamba. Kisha nguvu za joto lililo ndani ya dunia huuinua mwamba huo hata ukawa nchi kavu. Mvua na upepo huanza tena kuumomonyoa. Mabadiliko hayo ndiyo tunayoyaita mzunguko wa miamba.

Mwaka 1785 Hutton aliwaeleza wataalamu wa Edinburgh mawazo yake. Wengi wa siku hizo waliamini kuwa miamba yote ilitokana na maji ya bahari ya kale, na kwamba umri wa dunia ulikuwa miaka 6,000 hivi. Hutton akaenda kutafuta ushahidi. Katika bonde la Glen Tilt aliona mishipa ya granaiti iliyopenya ndani ya mwamba mwingine. Jiwe gumu haliwezi kupenya hivyo. Basi granaiti hiyo ilikuwa imeyeyuka kwa joto.

Mwaka 1788 alisafiri kwa mashua pamoja na rafiki zake, John Playfair na James Hall, hadi Siccar Point. Huko matabaka ya chini yamesimama wima kama vitabu rafuni, na juu yake matabaka mengine yamelala. Matabaka ya chini yalilala kwanza, yakainuliwa, yakamomonyoka, kisha yakafunikwa na mchanga mpya. Kazi hiyo haiwezi kumalizika kwa miaka 6,000.

Hutton alitoa kitabu chake mwaka 1795, akafariki mwaka 1797. Kitabu hicho kilikuwa kigumu kusomeka, kwa hiyo mwaka 1802 Playfair aliyaeleza mawazo hayo kwa lugha nyepesi. Leo twajua kwamba dunia ina umri wa miaka milioni 4,500 hivi.

Nawe mwanafunzi, mvua itakaponyesha, teka maji ya mfereji katika chupa, uyaache yatulie mpaka kesho. Mchanga utakuwa chini na matope laini juu yake. Hapo utaona jinsi matabaka ya mwamba yanavyoanza.