Ladi Kwali, Mfinyanzi wa Nigeria

Ladi Kwali alikuwa mfinyanzi. Alizaliwa yapata mwaka 1925 katika kijiji cha Kwali, katikati ya nchi ya Nigeria. Jina la Ladi hupewa mtoto wa kike aliyezaliwa siku ya Jumapili. Kwali ni jina la kijiji chake. Basi Ladi Kwali ni Ladi wa kijiji cha Kwali.

Watu wa kwao ni Wagwari. Zamani, kwa Wagwari, ufinyanzi ulikuwa kazi ya wanawake. Msichana alijifunza kwa kukaa na wakubwa wake na kutazama mikono yao. Ladi alifundishwa na shangazi yake.

Kufinyanga mtungi

Ladi alifinyanga bila mashine. Alichukua bonge la udongo, akalipiga ngumi katikati mpaka likawa na shimo. Huo ndio ukawa mwanzo wa mtungi. Kisha alisokota udongo ukawa mrefu kama kamba nene. Aliuweka juu ya ukingo, akaubana kwa vidole, akaongeza mwingine. Mtungi ulizidi kupanda.

Mtungi ulitulia mahali pamoja. Ladi ndiye aliyeuzunguka, akitembea kinyumenyume huku akiulainisha. Hivyo mtungi ulipata umbo la mviringo bila kupimwa kwa chombo chochote.

Kabla udongo haujakauka, alichora juu yake kwa kukwaruza. Alichora mijusi, nge, vinyonga, nyoka, mamba, samaki na ndege. Picha hizo hazikuwa mtindo wake peke yake. Zilikuwa mapambo ya Wagwari tangu zamani. Mwisho, mitungi ilichomwa nje, kwa moto wa kuni na nyasi kavu.

Kwenda chuoni

Siku hizo Nigeria ilitawaliwa na Waingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ilimleta mfinyanzi Mwingereza, Michael Cardew. Katika nyumba ya Emiri wa Abuja, yaani mtawala wa mji huo, Cardew aliona mitungi mizuri sana. Ilikuwa mitungi ya Ladi.

Mwaka 1952 Cardew alianzisha kituo cha mafunzo ya ufinyanzi hapo Abuja. Abuja hiyo siyo mji mkuu wa Nigeria wa leo. Mwaka 1976 jina la Abuja lilipewa mji mkuu mpya, na mji ule wa zamani ukaitwa Suleja.

Wanafunzi wa kwanza wa kituo walikuwa wanaume. Mwaka 1954 Ladi aliingia. Alikuwa mwanamke wa kwanza kituoni, naye alikuwa tayari fundi hodari. Hata hivyo alikubali kuwa mwanafunzi tena. Alijifunza kufinyanga kwa gurudumu linalozunguka. Alijifunza kuchoma vyombo ndani ya tanuri. Alijifunza pia kupaka vyombo maji yenye unga wa mawe. Unga huo ukipata moto mkali huyeyuka na kuwa kama kioo.

Lakini mitungi yake mikubwa aliendelea kuifinyanga kwa mikono, akiizunguka kama alivyofundishwa na shangazi yake. Kisha aliipaka na kuichoma katika tanuri la kituo. Hivyo aliunganisha elimu ya kwao na elimu ya chuoni.

Mtungi ulibadilika

Mtungi wa kijijini una vitundu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya humo kidogo kidogo na kukaukia nje. Kwa sababu hiyo maji yaliyobaki ndani hupoa. Lakini mtungi uliochomwa kwa moto mkali na kufunikwa kwa kioo haupitishi maji. Ni mgumu na unang'aa, ila haupozi maji.

Kwa hiyo mitungi mipya ya Ladi haikuwa tena ya kuteka wala kuweka maji. Ilinunuliwa iwe pambo. Mingine iliwekwa katika majumba ya makumbusho, hata ng'ambo. Sifa za Ladi zilienea, lakini kazi ya mtungi ilikuwa imebadilika.

Baadaye wanawake wengine walijiunga na kituo. Miongoni mwao walikuwa Halima Audu, Asibi Ido na Kande Ushafa. Walikuwa na chumba chao cha kazi. Kiliitwa Dakin Gwari, yaani chumba cha Wagwari.

Mwalimu katika vyuo vya sanaa

Mwaka 1962 Ladi alikwenda Uingereza. Alionyesha kazi yake katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa huko London, na katika chuo cha sanaa cha Farnham. Katika vyuo vya Uingereza, wafinyanzi wengi walikuwa wakikaa kwenye gurudumu. Chombo kilizunguka, mfinyanzi akatulia. Kwa Ladi mambo yalikuwa kinyume. Chombo kilitulia, mfinyanzi akazunguka. Mikono yake ndiyo iliyokuwa somo.

Mwaka 1972 alizunguka Marekani akionyesha kazi yake pamoja na Cardew na mfinyanzi wa Ghana, Clement Kofi Athey. Nyumbani Nigeria alifundisha katika Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello, mjini Zaria. Mwaka 1977 chuo hicho kilimpa shahada ya heshima ya udaktari. Ladi hakuwa na vyeti vya shule. Chuo kikuu kilitambua elimu iliyokuwa mikononi mwake.

Ladi Kwali alifariki mwaka 1984. Kituo alichosomea na kufundisha kilipewa jina lake. Noti ya naira 20 iliyotolewa mwaka 2007 ina picha yake upande wa nyuma, akifinyanga mtungi. 

Ladi alijifunza mambo mapya akiwa tayari fundi hodari, lakini hakuona haya kwa elimu aliyopewa na shangazi yake. Elimu hiyo ndiyo iliyomfanya aitwe kufundisha katika vyuo vya mbali.

Maswali

1. Nani alimfundisha Ladi kufinyanga?
2. Ladi alijifunza mambo gani mapya kituoni? Ni jambo gani la kwao ambalo hakuliacha?
3. Kwa nini mtungi wa kijijini hupoza maji?
4. Katika kijiji chenu ni nani wenye ufundi wa zamani? Vijana wanajifunza kwao? Zungumzeni darasani.