Simbamwene, Binti Kisabengo

Mapadre wa Roho Mtakatifu walipopanda kutoka Bagamoyo mwaka 1882 kuja kukaa Morogoro, mahali hapa palikuwa pamekwisha kujulikana hata pwani kwa jina la Simbamwene, nalo lilikuwa pia jina la mwanamke. Twaona si haki kuadhimisha jubilei na kumwacha nyuma.

Baba yake alikuwa Kisabengo, Mzigula, mtu aliyeteka watu na kuwauza. Alijikusanyia watumwa watoro, akawa mkubwa wao, akajenga chini ya milima ya Uluguru mji wenye ukuta wa mawe, minara na malango manne. Alipokaribia kufa aliagiza kwamba binti yake mkubwa ndiye atakayetawala, naye akampa jina lile lile la mji. Tokea siku ile hakuna aliyemwuliza kama amechoka, kwa kuwa simba haulizwi.

Hatumfanyi mtakatifu, urithi wake ulijengwa kwa machozi ya watu. Lakini ilimpasa kuulinda. Mwaka 1871 alifika Stanley, akienda kumtafuta Livingstone. Simbamwene akapeleka wajumbe kudai hongo, yaani ushuru wa njia. Mgeni akakataa, akisema msafara wake uliotangulia umekwisha lipa. Baadaye askari wake watatu, waliorudi kumtafuta mpishi aliyepotea, walikamatwa mjini wakafungwa minyororo. Mwarabu mmoja msafiri akawaombea, wakafunguliwa. Bunduki zao zikabaki kwa Simbamwene. Basi Stanley aliandika habari za minyororo na bunduki. Habari za binti aliyefiwa na baba na kuachiwa maelfu ya watu, hakuandika.

Katika Uluguru ukoo wahesabiwa kwa mama, na shamba hurithiwa vivyo hivyo. Kwa hiyo mwanamke ana heshima yake, na heshima hiyo ina uzito. Hata leo twawaona akina mama wakishuka kutoka milimani alfajiri, ndizi na mboga kichwani, mtoto mgongoni. Twawasifu kuwa hodari, kisha twapita zetu.

Mwezi wa Aprili mwaka 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja, na mvua kubwa zikanyesha bara. Mto ukafurika, ukachukua ukuta wa mbele wa mji pamoja na nyumba zipatazo 50. Stanley aliporudi kutoka Ujiji akakuta Simbamwene amekwisha kukimbia. Jambo hili lilisimuliwa kama anguko la mwenye kiburi. Kumbe, kama angekuwa mke wa mkulima, nani angeshangaa kwamba mama amekimbia maji?

Mwaka 1873 akapita Cameron, Mwingereza, naye akampima kwa kipimo cha baba yake: aliandika kwamba binti ana nia ya Kisabengo, ila hana nguvu zake. Ukuta ulikuwa umelala chini, mwaka mmoja tu baada ya gharika.